Kalenda ya Moto

Mwaka 1933, karibu na mji wa Ndola katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, maofisa wa misitu walianza kupima viwanja ndani ya pori la miombo. Baadhi ya viwanja walivichoma kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine walivichoma mwishoni mwa kiangazi, majani yamekauka hadi yanavunjika kwa kukanyagwa. Na vingine hawakuvigusa, wakavikinga moto usiingie. Kisha wakasubiri. Kazi ya msitu haina haraka: mwanaikolojia Colin Trapnell alipochapisha matokeo mwaka 1959, robo karne ilikuwa imeshapita.

Matokeo yenyewe yalionekana hata kwa mtu asiyejua hesabu. Viwanja vilivyochomwa kila mwisho wa kiangazi vilikuwa vinageuka nyika, miti mikubwa imekufa na machipukizi yanaungua kabla hayajapata kimo cha kuzishinda nyasi. Viwanja vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa vilikuwa vinasongamana, na chini ya kivuli chake imeanza kuota miti ya msitu mzito isiyostahimili moto. Udongo ulikuwa mmoja na mvua moja, na aina mbili kati ya hizo tatu za viwanja ziliungua mara moja moja kila mwaka. Kilichozitenganisha ni tarehe.

Ninaanzia Ndola kwa sababu historia ya kuufuatilia moto kwa setilaiti huwa inasimuliwa kama historia ya macho yanayozidi kuwa makali: kila kizazi cha mitambo kinaona vitu vidogo zaidi na kutoa taarifa mapema zaidi. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Warina asali, wafugaji wanaotafuta nyasi changa, wakulima wanaofyeka shamba jipya, wote walikuwa wakichoma pori la Afrika karne nyingi kabla ya bwana misitu wa kwanza kuvaa kofia yake. Serikali za kikoloni ziliwapiga marufuku, zikawatoza faini, zikaandika ripoti za kulalamika. Hakuna aliyeweza kusema, kwa eneo kubwa kuliko wilaya moja, nini kinaungua mwezi gani. Ndola ilikuwa imeonyesha kwamba swali la maana ni lini, na mtu wa kulijibu kwa bara zima hakuwepo.

Mitambo ya kwanza kulijibu haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na setilaiti za hali ya hewa za mpango ulioitwa DMSP, ambazo kazi yake ilikuwa kuona mawingu hata usiku, kwa mwanga wa mwezi tu. Kifaa cha kuona wingu kwa mbalamwezi lazima kikuze mwanga hafifu mara nyingi sana, na kifaa cha namna hiyo kikipita juu ya nchi kavu usiku usio na mwezi huona kila taa. Picha hizo zilikuwa siri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zilipofunguliwa, mtafiti Thomas Croft alizipitia filamu hizo na kuziandika, kwanza katika jarida la Nature mwaka 1973, kisha katika Scientific American mwaka 1978. Miji ya Ulaya na Marekani ilionekana kama ilivyotarajiwa. Miali ya gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta ilishangaza watu kwa ukali wake. Na barani Afrika, mahali pasipo na miji wala visima, kulikuwa na mikanda mipana ya mianga iliyotapakaa. Ilikuwa moto wa nyika.

Fikiria maana yake. Kwa mara ya kwanza moto uliowashwa na mfugaji mmoja na moto uliowashwa na jirani yake umbali wa kilomita elfu moja ulionekana katika picha moja, usiku mmoja. Lakini ilikuwa filamu, mkanda mrefu wa kutazamwa kwa jicho juu ya meza yenye taa, na hapakuwa na njia rahisi ya kuihesabu. Kalenda haiwezi kutengenezwa kwa picha chache.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye kipimajoto. Setilaiti za kiraia za Marekani za hali ya hewa, kuanzia ile iliyoitwa TIROS-N iliyorushwa mwaka 1978, zilibeba kihisi kiitwacho AVHRR, na kimojawapo cha vipimo vyake kilisoma mnururisho wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 3.7. Kiliwekwa hapo kusaidia kupima joto la uso wa bahari na kutambua mawingu usiku. Michael Matson, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika lenye setilaiti hizo, aliona katika picha za usiku za Ghuba ya Uajemi vitone vya joto lisilo la kawaida. Vilikuwa miali ya gesi. Kipande cha picha kilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja, na mwali wenyewe ulikuwa na upana wa mita chache tu. Ungewezaje kuonekana?

Jibu lake ndilo msingi wa kila ramani ya moto unayoiona leo kwenye simu. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho. Ardhi ya kawaida, yenye nyuzi 25 au 30 za Selsiasi, hutoa kwa wingi ule wa karibu mikromita 10. Moto, wenye mamia ya nyuzi, kilele chake hushuka hadi mikromita 3 au 4, na katika eneo hilo la mnururisho nguvu yake huzidi ile ya ardhi maelfu ya mara. Kwa hiyo moto hauna haja ya kujaza kipande kizima cha picha. Sehemu ndogo sana ya kipande ikiwaka, kipande chote husomeka kama kina homa. Mwaka 1981 Jeff Dozier, mtaalamu wa theluji wa Chuo Kikuu cha California, aliandika hesabu ya kutenganisha kitu hicho cha moto na ardhi inayokizunguka, kwa kulinganisha vipimo viwili vya urefu tofauti wa wimbi. Yeye na Matson wakachapisha pamoja. Mtaalamu wa theluji ndiye aliyewapa watu wa moto hesabu yao.

Kihisi hicho kilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya bahari, kipimo chake kilijaa kabisa kwenye joto la nyuzi 50 hivi. Mchana wa kiangazi, udongo mtupu wa nchi kavu hufika huko bila moto wowote. Basi jangwa lilionekana linaungua, na moto mkubwa na mdogo vilisomeka sawa, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimeshagonga dari.

Brazili ndiko udhaifu huo ulikokutana na siasa. Mwaka 1985 ndege ya utafiti ya NASA ilipokuwa ikipima hewa juu ya Amazon, wanasayansi walikutana na moshi mahali walipotegemea hewa safi ya msituni. Alberto Setzer wa taasisi ya anga ya Brazili, INPE, alianza kutafuta chanzo chake katika picha za AVHRR. Kiangazi cha 1987 alizifuatilia picha za mchana kwa miezi kadhaa, na hesabu yake ikatoka na moto wapatao 350,000 katika eneo la Amazon ya Brazili. Kutokana na hesabu hiyo yeye na mwenzake Marcos Pereira walikadiria kwamba hekta milioni 20 za uoto zilikuwa zimechomwa mwaka ule, milioni 8 kati yake zikiwa za msitu uliofyekwa.

Takwimu zile ziliuzunguka ulimwengu. Zilitoka katika kipindi ambacho mgema mpira Chico Mendes alikuwa akiwapinga wenye ng'ombe waliokuwa wakifyeka misitu ya jimbo la Acre; Desemba 22, 1988 aliuawa nyumbani kwake Xapuri. Moto wa Amazon ukawa habari ya ukurasa wa kwanza. Lakini watafiti wa INPE yenyewe walipopima ufyekaji kwa picha za setilaiti za Landsat, ambazo zinaona makovu ya mashamba kwa undani mkubwa zaidi, wastani wa mwaka kwa muongo ule ulitoka karibu hekta milioni 2. Milioni 8 ilikuwa kubwa mno. Setzer hakudanganya. Nukta moja ya moto katika AVHRR ilikuwa kipande cha zaidi ya kilomita moja ya mraba, na hakuna aliyejua kwa hakika ni sehemu gani ya kipande hicho iliyoungua kweli. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kosa la kugeuza nukta kuwa eneo halikuzikwa miaka ya 1980. Linafufuka kila kiangazi.

Mwaka huohuo wa 1987 setilaiti zilifanya kazi nyingine, ya kuona kile ambacho serikali hazisemi. Mei 6 moto mkubwa ulizuka katika milima ya Daxing'anling kaskazini mashariki mwa Uchina, ukaua zaidi ya watu 200 na kuteketeza misitu ya zaidi ya hekta milioni moja. Dunia iliusikia. Ng'ambo ya mto Amur, upande wa Urusi ya Kisovieti, kulikuwa kimya. Donald Cahoon wa NASA na wenzake walipozipitia picha za AVHRR za mwaka ule, waligundua kwamba sehemu kubwa zaidi ya moto ilikuwa upande ule uliokaa kimya. Makadirio yao kwa nchi zote mbili yalizidi hekta milioni 14.

Cahoon ndiye pia aliyeandika kalenda ya kwanza ya moto wa Afrika nzima. Alirudi kwenye zile filamu za usiku za jeshi, akazipanga kwa miezi, na mwaka 1992 akachapisha matokeo katika Nature. Kuanzia Novemba hadi Februari moto unaenea kaskazini mwa ikweta, kuanzia Senegali hadi Sudani na Ethiopia. Kuanzia Juni hadi Oktoba unakuwa kusini: Angola, kusini mwa Kongo, Zambia, Tanzania, Msumbiji. Unavuka ikweta mara mbili kwa mwaka kufuata kiangazi. Mkulima yeyote wa Tabora au Kolwezi angeweza kukuambia upande wake wa kalenda hiyo. Hakuna aliyekuwa ameuona upande wa pili kwa wakati mmoja.

Katika makala hiyohiyo kulikuwa na hitimisho moja lililokuja kubatilika. Kwa kuwa alikuta moto mwingi hata usiku wa manane, Cahoon alisema kwamba watu wanauacha moto uwake wenyewe, na kwa hiyo mchana na usiku hautofautiani sana. Miaka kumi baadaye Ulaya ilirusha Meteosat mpya inayolitazama bara la Afrika muda wote na kutuma picha kila dakika 15. Martin Wooster na Gareth Roberts wa London walipoifuatilia, walikuta kinyume chake: moto wa Afrika hupanda kwa kasi baada ya saa sita mchana, hufika kilele alasiri, na hushuka sana usiku. Kwa aliyewahi kuchoma shamba hilo si habari mpya. Umande ukianguka, nyasi hazishiki. Lakini ulikuwa ushahidi wa namna saa ya kupita setilaiti inavyoweza kutengeneza ukweli wake yenyewe.

Kizazi kilichotengenezwa kwa ajili ya moto tangu mwanzo kilianza Desemba 18, 1999, siku iliporushwa setilaiti ya Terra ikibeba kihisi cha MODIS. Mwaka 2002 ikafuatwa na Aqua. Terra ilipangwa kuvuka ikweta saa nne na nusu asubuhi, Aqua saa saba na nusu mchana, na kila moja ikarudi tena usiku, kwa hiyo mahali pengi duniani palitazamwa mara nne kwa siku. Waliochora mpango wake, miongoni mwao Yoram Kaufman na Chris Justice, walikuwa wameteseka na dari ya AVHRR. Waliomba kipimo cha mikromita 4 ambacho hakijai hadi nyuzi zaidi ya 200, ili moto mkubwa utofautishwe na mdogo. Kaufman alikuwa na wazo la ziada: nishati inayotolewa na moto kwa sekunde, ikipimwa moja kwa moja, itaonyesha ni kiasi gani cha uoto kinateketea, bila kupitia mlango wa eneo uliomponza Setzer. Alifariki mwaka 2006, lakini kipimo hicho leo kipo kando ya kila nukta kwenye ramani za moto.

Louis Giglio wa Chuo Kikuu cha Maryland ndiye aliyeandika kanuni za kuamua kipande kipi ni moto na kipi ni udongo wenye joto, kwa kukilinganisha kila kipande na majirani zake. Mahali pengine kanuni hizo zinasema kweli kwa namna isiyotarajiwa. Nyiragongo na Nyamulagira, milima ya volkano juu ya Goma, zimekuwa zikijitokeza humo mara kwa mara, kwa sababu kwa kihisi lava ni kitu chenye joto kama vingine. Jedwali la takwimu sasa lina safu maalumu ya kusema kama nukta inadhaniwa kuwa moto wa uoto, volkano, au chanzo kisichohama kama kiwanda.

Kilichobadilisha mambo kuliko kanuni hizo zote, kwa maoni yangu, ni bei. Picha moja ya Landsat miaka ya 1980 na 1990 iliweza kugharimu maelfu ya dola. Hakuna idara ya misitu ya Afrika iliyoweza kununua miaka ishirini ya picha ili kuona mwenendo. Takwimu za MODIS zilitolewa bure tangu mwanzo, na mwaka 2008 Marekani ikafungua bure hazina yote ya Landsat kuanzia 1972. Kutoka Maryland ukazaliwa mfumo wa FIRMS, ambao leo unaendeshwa na NASA na hutoa nukta za moto ndani ya saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Afrika Kusini iliwahi mapema zaidi. Shirika la umeme la Eskom lilikuwa likisumbuliwa na moto wa nyasi chini ya nyaya kubwa: moshi na joto huifanya hewa ipitishe umeme, umeme huruka kutoka waya hadi ardhini, na laini nzima hukatika. Mwaka 2004 Eskom na baraza la utafiti la CSIR walianzisha mfumo wa AFIS uliosoma picha na kutuma ujumbe mfupi kwa simu za mkononi kila moto ulipokaribia laini. Ni mara chache teknolojia ya anga za juu imefika kwa mtu wa kawaida kwa njia fupi kama ile.

Kisha ikaja miaka, na miaka ndiyo iliyohitajika. Nukta za mwaka mmoja ni habari. Za miaka kumi na minane ni historia. Mwaka 2017 Niels Andela na wenzake walichapisha katika Science kile ambacho rekodi hiyo ilikuwa ikisema kati ya 1998 na 2015: eneo linaloungua duniani kila mwaka lilikuwa limepungua kwa karibu robo. Watu wengi hawakuamini, kwa kuwa kila mwaka televisheni ilikuwa imejaa moto wa California, Ureno na Australia. Lakini misitu ya nchi hizo ni sehemu ndogo ya moto wa dunia. Karibu asilimia 70 ya eneo linaloungua liko Afrika, na nyika za Afrika ndizo zilizokuwa zikiungua kidogo zaidi, kwa sababu zilikuwa zinageuka mashamba na malisho. Shamba hukata njia ya moto. Ng'ombe hula nyasi kabla moto haujazifikia. Katika mfumo wa Serengeti na Mara, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba idadi ya moto ilipungua kwa takriban asilimia 40 kati ya 2001 na 2014, na sababu kubwa ilikuwa mifugo.

Rekodi ile ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa la Kiafrika. Kipande cha nusu kilomita hakioni kovu la shamba la ekari mbili. Ruben Ramo na watafiti wenzake walipoipima Afrika kusini mwa Sahara ya mwaka 2016 kwa setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, yenye vipande vya mita 20, walipata eneo lililoungua la karibu kilomita za mraba milioni 4.9, ambalo ni asilimia 80 zaidi ya lile la MODIS. Moto wa jembe, kwa jumla yake, ulikuwa karibu nusu nyingine ya habari. Hilo halifuti matokeo ya Andela kuhusu nyika pana, lakini linazua swali gumu: moto mkubwa unapopungua kwa sababu ya mashamba, moto mdogo wa mashamba hayohayo unaongezeka kiasi gani, ilhali hatuna miaka ishirini ya vipande vya mita 20?

Agosti 2019 mambo haya yote yaligongana hadharani. Mwanzoni mwa mwezi, mkurugenzi wa INPE, Ricardo Galvão, aliondolewa baada ya kuzozana na Rais Jair Bolsonaro, aliyezikataa takwimu za setilaiti kuhusu ufyekaji wa Amazon. Agosti 19 anga la São Paulo likawa jeusi alasiri, moshi wa mbali ukichangia. Wakuu wa nchi za G7 walikuwa wakielekea mkutanoni Biarritz, Ufaransa. Ndipo ramani moja ikasambaa ikionyesha kwamba katika siku mbili Angola ilikuwa na nukta za moto 6,902, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 3,395, na Brazili 2,127. Mitandaoni swali likawa: kwa nini dunia inalia Amazon na kulinyamazia bonde la Kongo? Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa akasema hadharani kwamba Afrika kusini mwa Sahara nayo inaungua.

Nukta zilikuwa za kweli, na usomaji ulikuwa mbovu. Sehemu kubwa ya nukta za Kongo mwezi ule hazikuwa kwenye msitu wa mvua. Zilikuwa kusini, kwenye nyika na miombo ya Kwango, Kasai na Katanga, mahali ambapo Agosti huwa na moto tangu filamu za Cahoon na kabla yake. Tosi Mpanu Mpanu, mjumbe wa Kongo katika mazungumzo ya tabianchi, alitahadharisha wakati ule kwamba moto wa Amazon na wa Afrika ya Kati hauna chanzo kimoja, kwani wa Kongo hutokana na mbinu za kilimo. Mtu angefungua rekodi ya miaka kumi na tisa iliyokuwapo, angeona ramani ileile kila Agosti. Jambo la ajabu lilikuwa Brazili. Nukta chache zilizoko mahali ambapo msitu haukuumbwa kuungua zina uzito mkubwa kuliko maelfu yaliyoko mahali ambapo nyasi huota tena mvua ya kwanza ikinyesha. Wakati huohuo, utetezi wa kwamba moto wa Afrika ni wa kawaida nao una mpaka wake. Ndola ilishaonyesha kwamba kawaida ikisogezwa miezi miwili mbele inaua miombo. Ramani ya siku mbili haiwezi kukuambia kama imesogea.

Anayeweza kukuambia ni yule anayeunganisha miaka na watu wa mahali. Paul Laris, mwanajiografia wa Marekani, alifanya hivyo nchini Mali kwa picha za Landsat na mazungumzo na wakulima. Picha zilionyesha nyika iliyochomwa vipande vipande tangu mwanzo wa kiangazi, na wenyeji wakaeleza mantiki yake: nyasi fupi za juu ya miamba huchomwa kwanza, ndefu za mabondeni baadaye, na vipande vilivyokwisha ungua vinazuia moto mkali wa mwishoni. Kile ambacho kutoka juu kilionekana kama fujo kilikuwa mpango.

Kilimanjaro ni kisa tofauti, na ndiko ambako watu wengi wameangalia mahali pasipostahili. Kwa miaka mingi kilio kilikuwa barafu. Andreas Hemp, mwanaikolojia wa Kijerumani aliyeuzunguka mlima huo kwa miongo kadhaa, alilinganisha picha za Landsat za mwaka 1976 na 2000 na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Juu ya msitu wa mvua kuna ukanda wa miti ya erika, na katika muda huo takriban kilomita za mraba 150 za msitu huo zilikuwa zimepotea kwa moto. Miti ya erika, yenye ndevu za kuvumwani, hukamua maji kutoka kwenye ukungu unaopita. Kwa hesabu za Hemp, maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu ya moto yalizidi kwa mbali yale yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu. Vijiji vya Wachaga vilivyo chini, pamoja na mifereji yao, vina haki ya kuuliza kwa nini kamera zote zilielekezwa kileleni.

Oktoba 11, 2020 moto ulianza eneo la Whona, kwenye njia ya kupandia ya Marangu, mahali ambapo wageni na wapagazi hupumzika. Taarifa za awali zilisema ulitokana na moto wa kupasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi, wanavijiji na askari wa hifadhi, wakiwa na matawi na majembe kwa sababu gari haliwezi kufika na maji hayapo. Kutoka juu nukta za VIIRS, kihisi kilichoanza kurushwa mwaka 2011 chenye vipande vya mita 375, zilifuatilia mstari wa moto usiku na mchana kila mawingu yalipofunguka. Ulipodhibitiwa, zaidi ya kilomita za mraba 90 zilikuwa zimeungua. Oktoba 2022 moto mwingine ukazuka karibu na kambi ya Karanga. Oktoba, tena, ndio mwisho wa kiangazi, mwezi wa viwanja vya Ndola vilivyogeuka nyika.

Tofauti na miombo, ukanda wa erika hauna tarehe nzuri ya kuchomwa. Kusini, kwenye misitu ya vijiji ya Kilwa, upo uwezekano huo, na ndiko ambako shirika la uhifadhi wa mpingo limekuwa likifanya pamoja na wanavijiji kazi ya kuchoma mapema: vipande vidogo, nyasi zikiwa nusu mbichi, ili moto wa Septemba usikute cha kula. Rekodi ya setilaiti ya maeneo yaliyoungua mwaka hadi mwaka ndiyo inayowezesha kuonyesha kama moto wa mwishoni umepungua kweli, jambo ambalo mnunuzi katika biashara ya hewa ukaa atataka kulihakikisha kabla hajalipa.

Rekodi hiyo sasa iko mashakani kwa sababu isiyo na uhusiano na msitu. Terra na Aqua zimezeeka. Terra iliishiwa mafuta ya kujiweka kwenye njia yake mwaka 2020, na tangu hapo inavuka ikweta mapema zaidi na zaidi. Aqua ilifuata, ikisogea upande wa pili, kuelekea alasiri. Kwa moto wa Afrika, ambao hupanda kwa kasi mchana, kila dakika ya kusogea hubadilisha idadi ya nukta bila mtu yeyote chini kubadilisha lolote. VIIRS zimechukua zamu, na sasa kuna Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, inayolitazama bara letu kila dakika kumi. Zinaona vizuri zaidi, na hapo ndipo kazi ilipo kwa watu wanaojaribu kuiunganisha rekodi ya zamani na mpya. Vipande vya VIIRS vikiwa vidogo, moto uleule hutoa nukta nyingi mara kadhaa kuliko za MODIS. Atakayeweka idadi ya nukta za mwaka 2010 kutoka kihisi kimoja kando ya zile za mwaka 2020 kutoka kingine atapata grafu inayopanda kama mlima, na huko porini huenda wakati huo eneo lililoungua lilikuwa limepungua.